Uzi: Edikti (sheria ya jimbo) ya huduma za dharura katika jimbo letu, iguse nini na isiguse nini

Meza_ya_Sheria (Lubumbashi)

Wakubwa, jambo. Kila ajali kubwa ikitokea kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, neno ni lile lile: "Jimbo litunge sheria ya ambulansi." Kulisema ni rahisi. Tuangalie kwanza mkono wa jimbo unafika wapi, kisha wenye kazi zao waseme kila mmoja kwa upande wake.

Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya 18 Februari 2006, kifungu cha 197, inasema bunge la jimbo linatunga sheria kwa njia ya edikti. Kifungu cha 202 kinaiachia serikali ya kati sheria za uganga wenyewe: nani ni munganga (daktari), nani anaruhusiwa kutoa dawa. Kifungu cha 204 kinalipa jimbo kazi ya kupanga huduma za matibabu na kusimamia utekelezaji wa sheria za kitaifa za afya na dawa. Halafu kuna cha 205, ambacho waandishi wa miswada wanakiruka: bunge la jimbo haliingii katika mambo yaliyowekwa kwa serikali ya kati peke yake, na kwenye mambo ya pamoja edikti inayopingana na sheria ya taifa ni batili. Juu ya hayo yote kuna sheria namba 18/035 ya 13 Desemba 2018 kuhusu upangaji wa afya ya umma, iliyorekebishwa na amri yenye nguvu ya sheria namba 23/006 ya 3 Machi 2023.

Kwa hiyo ukiandika "jimbo linaanzisha diploma ya mhudumu wa ambulansi", umeshaanguka. Ukiandika "kila ambulansi inayofanya kazi ndani ya jimbo itaandikishwa, itakaguliwa na kutoa taarifa kwa Divisheni ya Afya ya Jimbo", uko nyumbani kwako.

Wengi wanatoa mfano wa Marekani kwa kuwa kule kila jimbo lina sheria yake. Ni kweli, lakini someni ilivyokwenda. Miaka ya 1960 magari mengi ya kubeba wagonjwa kule yalikuwa ya wafanyabiashara wa mazishi, maana ndio waliokuwa na gari refu la kumlaza mtu. Mwaka 1966 ilitoka ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi juu ya vifo vya ajali, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya usalama barabarani. Mwaka 1973 serikali kuu ikatoa pesa za kujenga mifumo ya kanda. Mwaka 1981 pesa hizo zikachanganywa kwenye kapu moja na programu nyingine za afya, na tangu hapo kila jimbo likashika njia yake. Sheria zao nyingi zinatoa leseni kwa watu, leseni kwa magari, zinamtaka munganga mmoja awajibike kwa taratibu za matibabu, na zinadai kumbukumbu za kila safari. Ila katika majimbo mengi hakuna kifungu kinachoulazimisha mji uwe na ambulansi! Sheria inasimamia gari lililopo. Lisipokuwepo, hakuna aliyevunja sheria.

Hilo shimo ndilo nataka tulizibe kabla hatujaandika mstari wa kwanza. Karibuni.

Mwana_Kasapa

Yaya, mimi si mutu wa sheria, minauliza tu. Mutu akianguka na moto (pikipiki) saa tano ya usiku pale njia ya Kasapa, anaita nani? Batu banasema sheria, sheria, na namba haiko. Tuanzie pale kwa namba.

Namba_ya_Usiku

Mwana_Kasapa ameshika penyewe. Mlango wa huduma ya dharura ni simu.

Namba fupi (tarakimu tatu au nne) haitolewi na gavana. Mpango wa namba za simu uko mikononi mwa mamlaka ya kitaifa ya mawasiliano, ARPTC. Jimbo linaweza kuomba, na edikti inaweza kumtaja mwombaji na muda wa kuomba, basi. Ikishatolewa, kila mtandao lazima uifungue kwenye mitambo yake, na hapo ndipo mambo yanapokwama: namba inaita kwenye Vodacom, kwenye Airtel kimya, kwenye Orange inakata salio. Ipimwe kwa mitandao yote, kwa laini isiyo na salio, kutoka kila komine (sehemu ya mji), kabla haijabandikwa ukutani. Kabla ya hapo tumia namba ndefu za kawaida, moja kwa kila mtandao, zote zikiishia meza moja.

Mezani maswali yana mpangilio, na haubadiliki hata mtu akipiga kelele namna gani:

Wapi. Namba ya simu unayopigia. Nini kimetokea. Ameamka? Anapumua?

"Wapi" inatangulia kwa sababu laini ikikatika ukiwa na mahali, gari linaweza kutoka. Ukiwa na habari yote ya ugonjwa bila mahali, huna kitu. Kwa mji wetu usiulize namba ya nyumba kwanza. Uliza komine, kartie, avenyu, halafu alama ambayo dereva ataiona usiku bila umeme: kanisa, shule, kabini ya umeme, kituo cha mafuta. Mwisho mwambie mtu mmoja asimame njiani na tochi ya simu. Huyo mtu mmoja anaokoa dakika kuliko kununua gari jipya.

Kama hapumui, mpokea simu hakati laini. Anamwelekeza aliye pale akandamize kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, na anahesabu naye kwa sauti.

Sasa hesabu ya watu, maana waandishi wa edikti wanapenda "saa 24 kwa 24" bila kuigawa. Wiki ina saa 168. Kanuni ya kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa wiki. 168 ukigawa kwa 45 unapata 3.7, yaani kiti kimoja tu kinataka watu karibu wanne. Ambulansi yenye dereva na muuguzi ni viti viwili: 7.5. Ongeza likizo, ugonjwa na mafunzo, sehemu moja kwa tano, unafika watu 9. Meza ya simu yenye viti viwili nayo watu 9. Ukiona mradi una ambulansi moja na watu wanne, jua usiku wanalala, au wanafanya kazi hadi gari linaingia mtaroni.

Na muda. Msiandike "wastani wa dakika 20". Chukua simu kumi: nane zimefikiwa kwa dakika 10, mbili kwa dakika 60. Wastani ni 20, kila mtu anapiga makofi, na wawili wamengoja saa nzima. Andikeni hivi: katika kila simu 10, tisa zifikiwe ndani ya dakika fulani, na saa ianze pale simu inapopokewa, wala si pale gari linapowasha injini.

Machela2

Naongezea kwa upande wa gari, maana ndiko kwenye uongo mwingi. Land Cruiser yenye kitanda na taa ya bluu juu inaitwa ambulansi. Ulaya wana kanuni ya EN 1789 inayogawa magari kwa daraja A, B na C: la kusafirisha tu, la kutoa huduma ya kwanza, na la wagonjwa mahututi. Edikti inaweza kuiga mgawanyo bila kuiga vifaa vyote: gari la kusafirisha na gari la dharura, rangi tofauti, orodha tofauti. La kwanza lisikubaliwe kuwasha sirena kwa kazi ya la pili.

Haki ya sirena na kupita kwanza iko kwenye sheria ya barabara namba 78/022 ya 30 Agosti 1978, ni ya taifa, jimbo lisiiguse. Jimbo linaweza kuweka orodha ya magari yaliyokaguliwa na kuipa polisi ya barabara, ili yule anayebeba saruji na sirena asimamishwe.

Niende kwenye oksijeni, maana hapo ndipo mtu anakufa na chupa iko ndani ya gari.

Chupa inayotumika sana ina ujazo wa lita 5 za maji, inajazwa gesi hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo). Zidisha: 5 × 200 = lita 1,000 za gesi. Usiitumie hadi sifuri, acha bar 50. Zinabaki bar 150, sawa na lita 750. Mgonjwa wa maski yenye mfuko anakula lita 15 kwa dakika. 750 kwa 15 ni dakika 50. Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi, na ukiwa na malori mbele na mvua, saa mbili ni kawaida. Saa mbili kwa lita 15 ni lita 1,800. Yaani ukitoka Likasi na chupa moja umeshamwacha mgonjwa njiani, ila hujui bado. Unahitaji chupa tatu za aina hiyo, au moja ya lita 20.

Upande wa pili: wengi wanafungua 15 kwa kila mtu kwa mazoea. Kama kipimo cha kidole (cha oksijeni ya damu) kinaonyesha 97, punguza. Kwa lita 5 kwa dakika, safari ile ile inataka lita 600, na chupa moja inatosha. Kwa hiyo kipimo cha kidole cha bei ndogo kinaweza kukuokolea chupa mbili. Mashine ya kuchuja oksijeni hewani nayo ni nzuri, ila inakula kama wati 350, na kibadilisha umeme cha ile soketi ya kuwashia sigara hakiiwezi.

Kinachoharibika: kiungo cha mpira cha mdhibiti (kile kifaa cha kufungulia gesi juu ya chupa) kinapasuka, chupa inavuja usiku kucha, asubuhi mshale wa kipimo uko bar 40. Mtu anaandika "oksijeni: ipo". Ndiyo maana fomu ya ukaguzi wa zamu isiwe na kisanduku cha alama ya vema. Iwe na nafasi ya kuandika namba: bar ngapi, saa ngapi, nani. Hivyo hivyo mashine ya kufyonza makohozi: isiwe "inafanya kazi", ziba bomba kwa kidole uandike imefika kiasi gani. Pakti ya betri iliyokaa mwaka mmoja kwenye chaja inaonyesha taa ya kijani na inazima baada ya dakika tatu.

Jambo lingine lisilotajwa na wenye kelele za ajali: sehemu kubwa ya safari zetu ni rufaa za wamama kutoka kituo cha afya kwenda hospitali kuu ya rejea. Mama mwenye kifafa cha mimba asipakiwe bila dozi ya kwanza ya magnesium sulfate. Akiwa amefunguliwa mshipa, gramu 4 humo polepole, pamoja na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako. Kituo kisichoweza kutoa ya mshipa kitoe ile ya msuli, ndipo gari liondoke. Ndani ya gari hesabu pumzi, isishuke chini ya 16 kwa dakika, gonga goti uone mguu bado unaruka, na uwe na calcium gluconate gramu 1 mkononi, ya kupinga magnesium ikizidi. Mama anayetoka damu baada ya kuzaa: oxytocin yuniti 10 kwenye msuli. Lakini oxytocin inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ile inayokaa kwenye kisanduku cha gari juani ni maji tu. Aidha weka kisanduku baridi na kipimajoto, au beba misoprostol mikrogramu 800 za kuweka chini ya ulimi. Tranexamic acid (dawa ya kukata damu) gramu 1, na iingie ndani ya saa tatu, baada ya hapo faida imekwisha.

Na kwa barabara ya migodi: tindikali. Februari 2019 lori la tindikali ya salfuriki lilipata ajali njia ya Kolwezi, karibu watu 20 wakafa. Ambulansi peke yake haifai kitu pale. Aliyelowa anavuliwa nguo zote na kumwagiwa maji mengi mfululizo, dakika 20 kwa uchache. Kwa lita 10 kwa dakika hizo ni lita 200 kwa mtu mmoja. Gari lina madumu mawili! Usijaribu magadi wala sabuni, ni maji tu, na mwokoaji anakaa upande upepo unakotoka na hakanyagi dimbwi. Edikti iseme kituo cha simu kikisikia "lori la tindikali" kinatuma ambulansi NA gari la maji kwa wakati mmoja. Gari la maji lisisubiri kuombwa na ambulansi.

Mapokezi_24

Machela2 kaka, asante kwa hesabu. Mimi nashika mlango wa hospitali, maana sheria nyingi zinaishia njiani.

Kwanza neno "dharura" lipewe maana. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27(3), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 1997 kesi ya Soobramoney ikafika Mahakama ya Katiba: mgonjwa wa figo aliyehitaji kusafishwa damu kila mara. Mahakama ikasema hiyo si dharura, dharura ni tukio la ghafla linalotaka msaada papo hapo. Kenya nao wameandika kwenye kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Neno moja tu, na mabishano yote yanakwenda kwenye maana yake.

Ushauri wangu: maana ifuate kile mtu wa kawaida anachokiona, isifuate jina la ugonjwa litakalojulikana baadaye. Anashindwa kupumua, hana fahamu, damu haikatiki, ana degedege, kifua kinabana ghafla, ameungua, mjamzito anatoka damu. Ikija kugundulika kifua kilikuwa asidi ya tumbo, hospitali isimgeukie.

Pili pesa ya kutanguliza. Wamarekani wana sheria ya 1986 inayozitaka hospitali zilizo kwenye mpango wa bima ya serikali zimpime kila anayefika idara ya dharura, zitulize hali yake, na zisimhamishe ovyo kwa sababu hana pesa. Ni sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba haikuja na mfuko, wajibu ukaingia na bili ikabaki kumtafuta mgonjwa. Kwetu ukiandika "ni marufuku kudai malipo kabla ya huduma" bila kusema nani anajaza tena serumu (dripu) iliyotumika, sanduku la dharura litaisha wiki ya pili, na muuguzi ataandika karatasi familia ikanunue nje. Sheria itakuwa imeheshimiwa, mgonjwa atakuwa hajapata kitu.

Kwa hiyo orodhesheni kinachotolewa kabla ya neno pesa: njia ya hewa, oksijeni, kuzuia damu, mshipa na serumu, kipimo cha sukari na glukosi, dawa ya degedege, dawa ya maumivu, kufunga mfupa. Ni orodha fupi, ina bei inayojulikana, na kila hospitali inaweza kudai irudishiwe kwa idadi.

Tatu karatasi ya polisi. Kuna mahali mhanga wa ajali anasubirishwa hadi afisa wa polisi ya mahakama alete karatasi ya kumwomba munganga ampime. Tanzania wana fomu yao ya PF3 na mjadala ni huo huo. Karatasi ile ni ya ushahidi. Munganga anaweza kuandika majeraha kwenye daftari lake, saa na vipimo, na karatasi ikaja kesho. Iandikwe wazi hivyo.

Nne, na hii ndiyo inayoua ambulansi zote: machela. Gari linafika, kitanda hakuna, mgonjwa anabaki juu ya machela ya gari kwenye koridoo, na gari haliwezi kuondoka bila machela yake. Saa moja, saa mbili. Kwenye ramani jimbo lina ambulansi, barabarani halina. Dawa yake ni ya chuma na mbao: kila hospitali kuu ya rejea iwe na machela na ubao wa mgongo wa akiba pale mlangoni, moja kwa moja zinabadilishwa, na gari linaondoka. Makabidhiano yafanyike kwa maneno matano, umri, kilichotokea, majeraha, vipimo, alichopewa na saa ngapi. Saini mbili. Dakika 15.

Daftari_la_Hesabu

Kila mtu hapa anasema "mfuko". Mfuko hauanzishwi kwa kuandika jina lake.

Jimbo haliwezi kubuni kodi mpya. Amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018 imeorodhesha kodi, haki na tozo za majimbo na za maeneo yaliyo chini yake. Kisichomo humo hakitozwi. Nimeona rasimu mitandaoni zenye "tozo ya dharura kwenye kila tani ya shaba". Waandishi wake wasome orodha kwanza.

Kilichopo ni hiki. Asilimia 40 ya kifungu cha 175 cha Katiba, ambayo kila mtu anajua inavyochelewa. Halafu mrabaha wa madini: tangu marekebisho ya 9 Machi 2018, asilimia 50 serikali ya kati, 25 jimbo, 15 eneo ambamo mgodi uko, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa Katanga Juu ile 25 ndiyo pesa ya kweli. Ile asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya jamii msiihesabu kwenye bajeti ya jimbo, ina chombo chake na jamii zake, ingawa jamii zenyewe zinaweza kuamua kununua ambulansi. Wakiamua, wanunue na mafuta ya miaka mitatu pamoja.

Edikti ya huduma itaje mstari wa bajeti kwa jina, na kila mwaka edikti ya bajeti iubebe mstari huo. Ukikosekana mwaka mmoja, huduma imekufa bila kufutwa. Mstari uvunjwe vipande: mishahara (wale watu 9 kwa gari), mafuta, matairi, oksijeni, dawa, simu. Mafuta yawekwe kwa lita, si kwa franka, kwa sababu bajeti ya franka inapungua yenyewe kila dola inapopanda.

Bima: kanuni ya bima ya 2015 inalazimisha bima ya gari. Inalipa, ila baadaye, na masharti yake ni ya taifa. Jimbo linaweza tu kutia saini makubaliano na kampuni za bima warudishe gharama ya safari. Msiliandike kama amri.

Taa_ya_Tochi

Sina ubishi na mtu, lakini kuna kitu mmekiruka. Anayefika kwanza si ambulansi. Ni dereva wa taksi-moto, muuza makala (makaa), dereva wa lori. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya watoa huduma ya kwanza wa jamii kwa ajili ya watu kama hao. Kwa pesa ya gari moja mnafundisha mamia.

Wanachohitaji kujua ni kidogo. Bana jeraha kwa mikono miwili na usichungulie. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka, funga kitambaa kipana sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye jeraha kuelekea kiwiliwili, si kwenye kiungo, pitisha kijiti, zungusha hadi damu ikatike kabisa, funga kijiti, andika saa kwenye paji la uso. Mkanda wa suruali peke yake haubani vya kutosha, unazuia damu ya kurudi tu na jeraha linazidi kutoka. Asiye na fahamu anayepumua alazwe ubavu. Aliyeanguka kutoka juu asikalishwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki.

Kinachowazuia si ujinga. Wanaogopa kufikisha mtu hospitali na kuambiwa "wewe ndiye uliyemgonga, kaa hapa, toa kitambulisho, lipa".

Meza_ya_Sheria

Taa_ya_Tochi, kuna kitu upande wako tayari. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 66 ter, kinamwadhibu anayeacha makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza kufanya hivyo bila hatari kwake wala kwa wengine, kwa mkono wake au kwa kuita msaada. Sheria inamsukuma asaidie, halafu mlango wa hospitali unamshika. Adhabu ni ya taifa hatuigusi, ila namna hospitali inavyompokea aliyemleta mgonjwa ni upangaji wa huduma, na huo ni wetu.

Nimekusanya mliyosema. Rasimu ya vifungu vizito, vingine baadaye (kiambatisho cha 1 ni ile orodha ya Mapokezi_24):

*Kifungu cha 3.* Kila zone ya afya (eneo la huduma za afya) ya mjini itakuwa wakati wote na gari moja la dharura, kwa uchache, lenye watu wake. Waziri wa jimbo mwenye afya ataeleza bunge kwa maandishi kila zone isiyokuwa nalo, na sababu.

*Kifungu cha 4.* Muda wa kufika unahesabiwa tangu simu kupokewa. Taarifa ya kila mwezi itaonyesha muda ambao simu 9 kati ya 10 zimefikiwa. Wastani hautatumika.

*Kifungu cha 6.* Gari la dharura halitoki kituoni bila chupa ya oksijeni iliyojaa.

*Kifungu cha 7.* Huduma zilizo kwenye kiambatisho cha 1 zinatolewa kabla ya kuulizia malipo au karatasi ya polisi. Hospitali inarudishiwa vifaa hivyo kwa idadi, kutoka mstari wa bajeti ya huduma za dharura.

*Kifungu cha 8.* Hospitali inampokea mgonjwa na kuachia machela ndani ya dakika 15. Inaweka machela na ubao wa akiba.

*Kifungu cha 9.* Aliyemleta mgonjwa anaombwa jina na mahali alipomkuta. Hospitali haimzuii na haimdai malipo.

Namba_ya_Usiku

Cha 3 ni kizuri. Ongeza "na dereva aliye macho". Sitanii, andika kwamba zamu ya mtu mmoja haizidi urefu wa saa 12.

Mapokezi_24

Cha 9: polisi wakimtaka baadaye, watamtafuta kwa jina aliloacha. Iko sawa. Kwenye cha 8 ongeza kwamba hospitali isiyo na kitanda inatangaza kwenye kituo cha simu kabla gari halijafika. Kufunga mlango gari likiwa limeshaingia uani kusihesabike kuwa ni tangazo.

Machela2

Cha 6 kimekosea. "Iliyojaa" ni neno la mdomoni. Andika: jumla ya bar zote ukizidisha kwa lita za chupa, ukitoa akiba ya bar 50 kwa kila chupa, itoshe safari ndefu ya zone hiyo kwa lita 15 kwa dakika, na isipungue lita 750. Namba iandikwe kwenye daftari la zamu.

Na ufunguo wa depo ya oksijeni, usiku unakaa kwa nani?

Meza_ya_Sheria

Nimebadilisha cha 6. Na ufunguo nimeuandika kifungu cha 6 bis: kwa muuguzi wa zamu, wala si kwa mhasibu.